Matongotongo Hayana Namba: shajara ya mradi wa misimbo ya macho

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimefungua daftari hili kwa sababu ya bahasha. Bahasha ya kaki, nene, imerudi kutoka bima moja ikiwa na fomu za madai za kliniki yetu ya macho, kila fomu imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba utambuzi wa ugonjwa haulingani na huduma. Nimezimwaga mezani nikazisoma moja moja. Mtoto wa siku tisa aliyechomwa sindano: H10.9. Bibi wa miaka sabini na kitu anayesubiri upasuaji wa kope: H10.9. Fundi wa kuchomelea aliyetolewa chembe ya chuma jichoni: H10.9. Mwanafunzi mwenye macho mekundu: H10.9, na huyo ndiye peke yake aliyestahili.

H10.9 kwenye ICD-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinachoupa kila ugonjwa msimbo wake, ni konjanktivaitisi isiyobainishwa. Yaani ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umevimba, na aliyeandika hakusema ni kwa sababu gani. Msimbo wenyewe ni halali kabisa. Sisi ndio tumeugeuza jalala.

Sina wa kumlaumu, maana kompyuta hiyo naikalia mimi. Dokta kaandika kwenye kadi kwamba macho yanatoa uchafu, foleni iko mlangoni, unaandika herufi tatu, orodha inashuka, kidole kinakwenda chenyewe pale kilipozoea. Mgonjwa anayefuata.

Nimemwendea mganga mfawidhi nikamwomba nitengeneze jedwali la macho: safu ya kwanza maneno ya mgonjwa kwa Kiswahili, ya pili maswali ya kuuliza, ya tatu msimbo. Amenipa hadi mwisho wa Aprili. Hela hakunipa.

Jambo moja la lugha kabla sijalala. Hapa ofisini wote tunasema "kodi". Kwenye jedwali nitaandika "msimbo", kwa sababu mwezi uliopita mwenzangu aliuliza kwa sauti, "Kodi ya huyu mama ni ngapi?" na yule mama akaanza kufungua pochi.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nzima nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, pembeni ya Sista, nikiandika maneno kama yanavyotoka vinywani.

"Yananata asubuhi, mpaka nimloweshe na maji ya uvuguvugu ndipo afungue." "Linalia lenyewe, silii mimi." "Lina usaha." "Kama nimetiwa pilipili." "Kama kuna mchanga humu." "Yananiwasha, nikishaanza kuyafikicha siachi." Mzee mmoja akasema tu, "Jicho limechafuka," akanyamaza, kana kwamba anazungumzia bahari.

Kisha nikachukua kadi za watu hao hao baada ya kutoka kwa tabibu. Wote saba wamekuwa sentensi moja ya Kiingereza, yenye maana kwamba jicho linatoa uchafu. Pilipili imepotea, mchanga umepotea, kunata kwa asubuhi kumepotea. Basi mimi ninayekuja mwisho nitapata wapi cha kuchagulia?

Sista ana miaka mingi kwenye chumba kile na alinieleza kwa mifano ya jikoni. Kuna maji matupu. Kuna ute unaovutika kama uzi wa bamia, huo mara nyingi unakuja na muwasho, na mtu ana mafua ya vumbi au pumu. Kuna usaha wenyewe, wa njano au wa kijani, unaorudi dakika chache baada ya kuufuta. Maji na wekundu ulioanza jicho moja ukahamia la pili, nyumba nzima wanaumwa, hapo anafikiria virusi. "Lakini usiandike hivyo kwenye kompyuta yako," akasema. "Huo ni mwelekeo, siyo jibu. Jibu anaandika Dokta."

Amefunga, na tangu saa mbili hakukaa hata mara moja. Mimi nilikaa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima natafuta nyumba ya matongotongo.

Nilidhani itakuwa kazi ya nusu saa. Sikio linalotoa usaha lina namba yake, H92.1, na unaweza kuiandika hata kama hujui chanzo. Machozi yanayotiririka bila kilio yana namba yake, H04.2. Maumivu ya jicho, H57.1. Nikasema matongotongo nayo hayawezi kukosa. Nimepitia sura ya saba yote, H00 mpaka H59, na sura ya dalili yenye herufi R. Hayana. Dalili inayoongoza kwenye benchi la Sista haina namba ya peke yake. Inapangishwa chumba ndani ya H57.8, pamoja na matatizo mengine ya jicho na viungo vyake yaliyotajwa lakini hayakupewa mahali pengine.

Nimekasirika kidogo, halafu nikaelewa. Usaha wa sikio unaweza kumkaa mtu miaka na ukawa ndio ugonjwa anaoujua. Uchafu wa jicho karibu kila mara unaonyesha kidole mahali fulani: kwenye utando, kwenye kope, kwenye mrija wa machozi, kwenye kioo cha mbele cha jicho. Waliopanga kitabu wanakulazimisha ufuate kidole.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya jedwali: tabibu akiandika ugonjwa, msimbo ni wa ugonjwa, na uchafu hauandikwi tena pembeni kwa sababu umo ndani yake. Akiandika dalili peke yake, na mgonjwa kaondoka bila jina la ugonjwa, basi ni H57.8. Siyo H10.9. H10.9 inasema kuna konjanktivaitisi, na hakuna aliyesema hivyo.

Mwenzangu wa dirisha la bima kasoma kanuni hiyo akacheka. "Weka tu ile inayolipa." Nimemwambia ile inayolipa ndiyo iliyotuletea bahasha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepoteza siku kwa ujinga wa kupenda njia ya mkato.

Kijana wa TEHAMA alinisaidia kutafuta mtandaoni, tukapata orodha nzuri, imepangwa, ina maelezo. Uchafu wa jicho: H57.89. Konjanktivaitisi ya ghafla, macho yote mawili: H10.33. Nikafurahi, nikajaza mistari arobaini. Tulipoingiza kwenye mfumo wetu, karibu yote imekataliwa.

Ile ni ICD-10-CM, toleo la Marekani, linalotumika kwao tangu 1 Oktoba 2015. Wamechukua ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyopitishwa 1990 na kuanza kutumika 1994, wakaongeza tarakimu mwishoni. Nyingi za tarakimu hizo kwenye macho ni za kusema jicho lipi: 1 ni la kulia, 2 la kushoto, 3 yote mawili. H04.201 ni machozi ya jicho la kulia, H04.202 la kushoto. Kwa kope wanakwenda mpaka kope ya juu au ya chini. Sisi tunatumia toleo la WHO, na lenyewe kwa kawaida linaishia tarakimu moja baada ya nukta. H10.3 basi. H57.8 basi.

Nimekata tarakimu za mwisho, mstari kwa mstari, na kila mmoja nimeuhakiki upya kwenye kitabu, maana kukata mkia tu hakutoshi. Kuna mahali Wamarekani wamepanga mambo tofauti, ukikata mkia unabaki na mnyama mwingine.

Ila wivu umenishika kwenye hilo la jicho lipi. Sisi tunaliandika kwa mkono pembeni, "kulia", "kushoto", na mara nyingi halifiki kwenye kompyuta. Nimeongeza safu ya nne kwenye jedwali. Mfumo hauihitaji, Dokta anaihitaji.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeitafuta kadi ya yule mtoto wa siku tisa. Fomu ilisema H10.9 na sindano ya antibiotiki, ceftriaxone, na bima wakauliza sindano ya nini kwa macho mekundu ya kawaida. Swali lao lilikuwa la haki.

Kadi ilikuwa na majibu nyuma, upande ambao hatuufungui. Mtoto kazaliwa nyumbani, hakupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni. Siku ya tatu kope zikavimba, usaha ukawa unabubujika kila zikifunguliwa. Nyumbani wakawa wanamkamulia maziwa ya mama machoni, mpaka siku ya tisa ndipo wakamleta. Maabara wakaona vijidudu vya kisonono, na Dokta akaandika hivyo kwa herufi kubwa. Mimi nikabonyeza H10.9.

Msimbo wake ni A54.3, kisonono cha jicho. Kama maabara isingesema kitu na Dokta angeandika tu uvimbe wa macho wa mtoto mchanga, ungekuwa P39.1, kwenye sura ya watoto wachanga. Hata konjanktivaitisi ya klamidia kwa mtoto mchanga inaingia P39.1. Kisonono ndicho kinachotolewa nje waziwazi. Mtoto wa chini ya siku 28 hana kazi na H10 hata kidogo, kwa sababu sura ya macho imeandikwa mwanzoni kabisa kwamba magonjwa ya kipindi hicho yanakwenda kwenye P. Tumekuwa tukiupita ukurasa huo kama watu wanavyopita dibaji.

Tofauti hii siyo ya karatasi. Jicho la kisonono linaweza kutoboka kioo kwa siku chache, na mama na baba nao wanatakiwa kutibiwa. Kwa H10.9 hakuna anayewatafuta.

Dokta mwenyewe aliposikia ninachofanya akanong'oneza jambo ambalo sikulifikiria: fomu ile mama anaibeba mkononi, anapita nayo dirishani, jirani anaweza kuwa amekaa hapo. Kwenye fomu nimeandika namba, bila maneno. Jirani hawezi kuisoma A54.3.

Nimeweka swali la kwanza la jedwali, juu ya yote: *ana siku ngapi?* Na siyo "miaka 0", ambayo ndiyo mfumo wetu unaijaza wenyewe ukiacha wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nyongeza ya jana. Asubuhi kaletwa mtoto wa miezi minne, mnene, mcheshi, jicho la kushoto linalia tangu azaliwe na matongotongo kila akiamka. Mama kashanunua dawa za matone chupa tatu tofauti dukani. Weupe wa jicho safi kabisa, hakuna wekundu.

Dokta alinawa, akaweka ncha ya kidole cha shahada pale kona ya jicho inapokutana na pua, akabonyeza taratibu kuelekea chini. Kwenye kile kitundu kidogo cha ukingo wa kope, ambacho ukikiangalia bila kuonyeshwa hukioni, likatoka tone la ute mzito, mweupe, likakaa pale kama ushanga. "Umeona? Bomba limeziba kwa chini. Uchafu unarudi juu kwa sababu hauna pa kwenda." Akamfundisha mama kukanda hivyo mara kadhaa kwa siku. Wengi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka.

Huyu ni Q10.5, kuziba kwa mrija wa machozi kwa kuzaliwa. Angekuwa mtu mzima mwenye hali hiyo hiyo ni H04.5. Kifuko kikivimba na kuuma, H04.3. Kikikaa hivyo muda mrefu, H04.4. Tone moja la ute lina nyumba nne kutegemea umri na muda.

Tungemwandika H10.9. Angepewa chupa ya nne.

Jumanne, 18 Machi

Fupi, nimechoka. Nimefanya kundi la virusi, B30. Wote tunaikumbuka Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu Dar es Salaam na baada ya hapo kila aliyekohoa alikuwa na dawa ya macho mfukoni. B30.0 ni ya adenovirusi ikigusa na kioo cha jicho, B30.1 ni ya adenovirusi kwenye utando tu, B30.3 ni ile ya mlipuko yenye damu damu kwenye weupe, B30.9 ni virusi visivyotajwa jina. Hiyo B30.3 ilianza kuonekana Ghana 1969, mwaka binadamu alipokanyaga mwezini, na watu wa huko wakaiita Apollo. Jina lipo mpaka leo. Kitabu hakina Apollo, nimetafuta kwa udadisi wangu.

Kanuni: Dokta akiandika "virusi", hata bila maabara, ni B30.9. Akiandika "macho mekundu" tu, sina ruhusa ya kuwa daktari.

Jumatatu, 24 Machi

Kosa langu, kubwa, naliandika lote.

Wiki iliyopita kijana wa TEHAMA aliingiza sehemu ya kwanza ya jedwali kwenye mfumo, ili ukiandika neno la Kiswahili mfumo ukupendekezee msimbo. Mimi nikaweka: *vikope* = A71.9, trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Sikufikiria mara mbili. Hapa Dodoma neno hilo lina historia. Kongwa, siyo mbali na hapa, watafiti wa trakoma wamefanya kazi kwa miongo, na watu wazima wanakumbuka vizuri ugawaji wa azithromycin, dawa yake, vijijini. Ukisema vikope, unamaanisha ule ugonjwa.

Ijumaa nikatoa taarifa ya wiki nikakuta vikope vimejaa. Mstari mzima. Kama taarifa ile ingeingia kwenye MTUHA ya mwezi, yaani takwimu za afya tunazopeleka juu, mtu wa wilaya angepiga simu kuuliza ni kijiji gani kimewaka moto.

Nimezifuata kadi. Mmoja, mama wa makamo: "kikope cha kulia kimevimba, kina kijipu." Hicho ni chokea, H00.0. Mwingine, "vikope vinawasha, vina magamba kwenye shina la nywele." Huo ni uvimbe wa ukingo wa kope, H01.0. Mwingine kope zilivimba kwa kuumwa na nyuki! Kikope, vikope: ni kifuniko cha jicho, na ni ugonjwa pia. Mimi niliyezaliwa na lugha hii nikaipa kompyuta neno lenye maana mbili na kuiambia lina moja.

Nimeufuta mstari. Sasa ukiandika *vikope* mfumo haupendekezi kitu, unauliza: *kope ilipinduliwa ikaangaliwa?* Maana Sista alinionyesha. Trakoma hai haionekani kwa kumtazama mtoto usoni. Unamwambia atazame chini, unashika kope za juu, unapindua kope nzima juu ya kijiti, na unatazama upande wa ndani kwa miwani ya kukuzia. Ukiona vipunje vitano au zaidi, kila kimoja si chini ya nusu milimita, kwenye sehemu ya katikati, hiyo ni TF, hatua ya kwanza kwenye kipimo cha WHO cha 1987. Hiyo naiweka A71.1. Kama hakuna aliyepindua kope, hakuna vikope kwenye kompyuta.

Mtoto aliyekuwa anaonyeshwa alikuwa na nzi wawili kwenye kona ya jicho na hakuhangaika kuwafukuza. Alishawazoea. Nzi wale wanafuata matongotongo, wanakunywa hapo, wanakwenda kwa mtoto wa jirani. Ndiyo maana kwenye mkakati wa kupambana na trakoma unaoitwa SAFE, F ni kunawa uso. Kwa kampeni hiyo, uchafu usio na namba kwenye kitabu ni nusu ya vita.

Na yule bibi wa kwenye bahasha? Kadi yake inasema kope zimegeukia ndani, jicho la kulia, zinakwaruza kioo, makovu meupe upande wa ndani wa kope. Utotoni aliugua mara nyingi. Trakoma yenyewe imeshakwenda zamani, imeacha kovu. Kwa hiyo siyo A71 tena. Hali inayotibiwa ni H02.0, kope kugeukia ndani, na pembeni naweza kuongeza B94.0, matokeo ya baadaye ya trakoma. Nimeandika upya fomu yake, nimempelekea Dokta asaini.

Alhamisi, 3 Aprili

Baada ya Idi tumerudi. Sista kaleta visheti, tumekula juu ya kadi.

Jaribio: nimechukua kadi kumi, nimewapa watu watatu waziandikie misimbo kila mmoja peke yake kwa kutumia jedwali. Tulikubaliana kwenye saba. Mbili tulizobishana zilikuwa za mwandiko wa tabibu, hilo jedwali haliwezi. Ya kumi ilikuwa macho na kioo vyote vimevimba. Wawili walikwenda H10, mmoja H16.2. Wa H16.2 alikuwa sahihi, kwa sababu kioo kikishaguswa H10 yenyewe inakukataza, imeandikwa chini yake. Aliyepata ni yule wa "weka tu inayolipa". Ametusimanga mpaka saa tisa.

Jumatano, 9 Aprili

Mafundi. Fundi wa kuchomelea wa kwenye bahasha: chembe ya chuma kwenye kioo cha jicho ni T15.0, na sababu ya nje ni W44. Dai la kuitoa lilikataliwa kwa kuwa H10.9 haina cha kutolewa. Ingekuwa ndani ya mfuko wa utando, T15.1.

Halafu kuna fundi wa aina ya pili, anayekuja asubuhi akishikwa mkono, macho yanatiririka, hawezi kuangalia taa. Jana alichomelea geti bila miwani, usiku wa manane akaamka akidhani kamwagiwa mchanga. Hakuna chembe. Mwanga umeunguza kioo: H16.1, na sababu ya nje W89. Malalamiko yao wawili kwenye benchi ni yale yale, neno kwa neno. Swali linalowatenganisha: *kuna kitu kiliruka, au ulitazama moto?* Limeingia kwenye jedwali.

Jumatano, 16 Aprili

Mganga mfawidhi kaniuliza mbele ya watu: "Unahangaika na ICD-10 wakati 11 imeshatoka?" Imetoka kweli. Ilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi 1 Januari 2022, na huko konjanktivaitisi imehamia 9A60. Herufi zenyewe hazifanani. Nikamjibu kwamba safu ya tatu ya jedwali itabadilika siku tukihamia, ila safu ya kwanza na ya pili hazitabadilika. Mama atasema "yananata asubuhi" hata kwenye ICD-20.

Akasema sawa. Hela bado hakutoa.

Jumanne, 22 Aprili

Fomu za bahasha zimekwenda tena wiki iliyopita na leo nyingi zimekubaliwa. Mbili zimerudi. Moja tarehe ya kuzaliwa haifanani na ya kwenye kadi ya bima. Ya pili imekosa muhuri. Hakuna iliyorudi kwa sababu ya msimbo. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jedwali lina mistari sitini na mbili. Nimelichapisha, nikalipiga lamineti, moja ipo kwangu, moja chumba cha Sista. La kwake ameshaliandika juu ya lamineti kwa kalamu ya kudumu, "KWANZA PINDUA KOPE".

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi alifanyiwa upasuaji jana. Leo asubuhi kaja kufunguliwa bandeji, kashikwa mkono na mjukuu. Nilisogea mlangoni. Sista akaloweka pamba, akafuta taratibu, kope zimetazama nje, nyuzi nyeusi ndogo zimepangana juu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniandika kwenye kompyuta? Uliniandika nini?"

Nikamwambia kope kugeukia ndani, kutokana na vikope vya zamani. Akatikisa kichwa kwamba ni kweli. "Basi halichomi tena. Linatoa maji tu kidogo."

Nimerudi mezani, nikafungua faili lake, nikaanza kuandika H04.2 kwenye mstari wa tatu. Sista kapita nyuma yangu na beseni.

"Machozi ya siku ya pili baada ya kushonwa, kaka? Muache."

Nikafuta.